Ndoo Mbili Jikoni: Jinsi Kaya Inavyoweza Kupunguza Taka Kabla Hazijafika Dampo

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, jijini Dar es Salaam, walifikisha Mahakama Kuu malalamiko yao kuhusu moshi na harufu mbaya iliyotoka katika dampo lililokuwa karibu na makazi yao. Mahakama ilikubaliana nao. Taka zilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani, nao wakapewa haki. Katika miaka iliyofuata taka za jiji zilimwagwa Vingunguti, kisha Mtoni, kabla ya kupelekwa Pugu Kinyamwezi, nje kidogo ya jiji.

Mashauri hayo mawili yamebaki katika kumbukumbu za sheria ya mazingira nchini kwa kuwa yaliunganisha uchafuzi wa mazingira na haki ya kuishi inayolindwa na Ibara ya 14 ya Katiba. Kwa mwananchi wa kawaida yana jambo jingine la kuzingatiwa. Dampo linaweza kuhamishwa mara nne, lakini taka zenyewe hazipungui hata kilo moja kwa kuhamishwa. Kila mtaa hupenda taka zake ziondoke, na hakuna mtaa unaopenda kupokea za wengine. Mahali ambapo taka zinaweza kupunguzwa kwa urahisi na kwa gharama ndogo ni pale zinapoanzia, yaani jikoni, sebuleni na uani.

Makala hii inaeleza namna kaya inavyoweza kufanya hivyo kwa mazoea ya kila siku, mipaka ya mazoea hayo, na mambo ambayo sheria inamtaka mwananchi kuyazingatia.

Nini hasa tunachotupa

Katika taarifa yake ya mwaka 2018 kuhusu hali ya taka duniani, Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mtu mmoja katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu nchini Tanzania watu 61,741,120, na wastani wa watu 4.3 katika kila kaya. Ukizidisha tarakimu hizo unapata takribani kilo mbili kwa kaya kila siku, au zaidi ya kilo 700 kwa mwaka. Hayo ni makadirio tu. Kaya ya mjini inayonunua karibu kila kitu sokoni na dukani huzalisha zaidi, na kaya ya kijijini inayolisha mifugo kwa mabaki huzalisha pungufu.

Muhimu zaidi ya uzito ni aina ya taka hizo. Sehemu kubwa ya taka za majumbani katika miji yetu ni mabaki ya vyakula na mimea: maganda ya ndizi, viazi na mihogo, majani ya mboga, machicha ya nazi, maganda ya machungwa, makoko ya maembe, wali uliochacha. Vitu hivi vyote huoza, na kwa asili yake kitu kinachooza si taka. Ni chakula cha udongo au cha mnyama kilichowekwa mahali pasipo pake.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kuandikiwa waraka. Nyuma ya nyumba palikuwa na jaa, na pembeni mwa jaa maboga na mipapai vilijiotea vyenyewe. Katika vihamba vya Kilimanjaro mpaka leo migomba hulisha ng'ombe kwa majani na vigogo vyake, na samadi ya ng'ombe hurudi kwenye migomba. Jaa la leo lina tofauti moja kubwa na lile la zamani: ndani ya maganda yale yale tumechanganya plastiki, nepi za kutupa, betri na chupa. Mchanganyiko huo ndio unaoharibu pande zote mbili. Mabaki ya chakula hayafai tena kwa mbolea kwa kuwa yana plastiki ndani yake, na plastiki haifai tena kuuzwa kwa kuwa imepakaa mchuzi.

Zoea la kwanza: kutenganisha

Kwa sababu hiyo, mambo mengi yanayoshauriwa kuhusu taka za nyumbani yanaweza kuanzia kwenye zoea moja la kuwa na ndoo mbili jikoni. Moja ni ya vitu vyenye majimaji vinavyooza, nyingine ni ya vitu vikavu. Si lazima ziwe ndoo za kununua. Ndoo ya rangi iliyokwisha inafaa kwa taka kavu, na ndoo kuukuu yenye mfuniko inafaa kwa taka za majimaji. Mfuniko ni wa lazima, kwani nzi hutaga mayai ndani ya saa chache tu.

Kutenganisha kufanyike wakati ule ule kitu kinapotupwa. Anayemenya ndizi aweke maganda kwenye ndoo yake palepale. Kuchambua taka zilizokwisha kuchanganyika ni kazi ya karaha ambayo hakuna mtu nyumbani ataifanya kwa wiki mbili mfululizo, na aghalabu huachiwa dada wa kazi au watoto. Inafaa kila mtu wa nyumba, pamoja na wageni, aelezwe ndoo ipi ni ya nini. Mtoto wa miaka sita huelewa haraka kuliko wengi tunavyodhani, na mara nyingi yeye ndiye huwakumbusha wakubwa.

Vitu vikavu vikikaa vikavu vina soko. Chupa za plastiki za maji na soda, vyuma chakavu, makopo ya alumini na maboksi hununuliwa kwa kilo na wakusanyaji wanaopita mitaani. Chupa isuuzwe kwa maji kidogo, ikaushwe na kubonyezwa ili isichukue nafasi. Kaya ambayo haitaki kusumbuka kuuza inaweza kumpa mkusanyaji bure. Kwake ni riziki, na kwa kaya ni mzigo uliopungua. Kumpa mtu chupa safi mkononi pia kunamwondolea haja ya kupekua jalala kwa mikono mitupu.

Mabaki ya jikoni kuwa mboji

Ndoo ya pili ndiyo yenye uzito, hivyo inastahili maelezo zaidi.

Mabaki ya chakula yanapofukiwa chini ya tani za taka nyingine dampo, huoza bila hewa. Uozo wa namna hiyo hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto la dunia takribani mara 28 kuliko kiasi kile kile cha hewa ya ukaa. Pia hutoa maji meusi yanayonywea ardhini na kuweza kufika kwenye visima. Mabaki hayo hayo yakioza mahali penye hewa, hubadilika kuwa mboji isiyo na harufu mbaya. Kwa hiyo katika kutengeneza mboji, kazi kubwa ya mwenye nyumba ni kuhakikisha hewa inapita.

Penye uwanja, chagua sehemu yenye kivuli, isiyotuama maji na iliyo mbali na kisima. Tandika vijiti chini ili hewa ipite. Juu yake weka tabaka la mabaki ya jikoni, kisha tabaka la vitu vikavu kama majani makavu, nyasi zilizokauka, maranda ya mbao au karatasi zilizochanwa, na uendelee hivyo kwa kupokezana. Kwa kila kipimo kimoja cha mabaki mabichi, tumia takribani vipimo viwili vya vitu vikavu. Tabaka la juu kabisa liwe kavu siku zote, kwa kuwa mabaki yaliyo wazi ndiyo yanayoita nzi na panya. Geuza rundo kwa koleo kila baada ya wiki moja.

Unyevu hupimwa kwa mkono. Chukua konzi moja, kamua. Ikiwa ni kama kitambaa kilichokamuliwa, hali ni nzuri. Maji yakichuruzika, ongeza vitu vikavu. Ikipukutika kama vumbi, nyunyiza maji. Harufu ya mayai viza ina maana kwamba hewa imekosekana, na dawa yake ni kugeuza rundo na kuongeza majani makavu. Rundo lenye upana na kimo cha mita moja hupata joto kali katikati, joto la kutosha kuua mbegu nyingi za magugu, na katika hali ya hewa ya pwani mboji inaweza kuwa tayari kwa miezi miwili au mitatu. Huwa nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza.

Asiye na uwanja atumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu pembeni na chini, au kiroba cha mchele kilichosimamishwa juu ya matofali mawili. Rundo dogo namna hiyo halipati joto kali, hivyo huchukua muda mrefu zaidi, lakini huoza. Wakazi wa ghorofani wasio na nafasi hata ya ndoo wanaweza kupatana na mkulima wa mboga. Bustani za mchicha na matembele zipo katika mabonde mengi ya miji yetu, na mkulima anayenunua mbolea hatakataa ndoo ya maganda safi kila asubuhi, ili mradi hayana plastiki ndani.

Vitu visivyofaa kwenye mboji ya nyumbani ni nyama, samaki, mifupa, mafuta ya kupikia, kinyesi cha mbwa na paka, na mimea iliyokufa kwa ugonjwa. Majivu ya mkaa yatiwe kidogo sana, kwani yakizidi huharibu uwiano wa udongo. Maganda ya mayai ni mazuri yakipondwa.

Kuku, mbuzi na tahadhari zake

Kwa wenye mifugo, njia fupi kuliko zote ni kuwapa mabaki. Machicha ya nazi, maganda ya viazi, majani ya kabichi na ukoko huliwa na kuku bila hasara. Ndizi na maganda yake hupendwa na mbuzi na ng'ombe. Hata hivyo zipo tahadhari ambazo hazitajwi vya kutosha. Maganda mabichi ya mihogo, hasa mihogo michungu, yana sianidi inayoweza kuua mnyama, kwa hiyo yakatwe na kuanikwa juani mpaka yakauke kabla ya kutolewa. Maganda na kokwa za parachichi ni sumu kwa kuku. Chakula chenye chumvi nyingi, kama mabaki ya dagaa wa chumvi, nacho huwadhuru.

Chakula kilichonunuliwa na kisiliwe

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 na kaya, migahawa na maduka kilifikia tani bilioni 1.05, na kwamba asilimia 60 ya kiasi hicho kilitoka majumbani. Wastani kwa mtu mmoja nyumbani ulikuwa kilo 79 kwa mwaka. Wengi hudhani hili ni tatizo la nchi tajiri peke yake, ilhali ripoti hiyo ilionyesha kuwa tofauti ya kiwango cha kutupa majumbani kati ya nchi tajiri na nchi za kipato cha kati ni ndogo sana.

Katika kaya zetu chakula hupotea kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni kupika bila kupima. Kilo moja ya mchele hutosha watu wazima sita hadi wanane, kutegemea kitoweo, lakini mpishi mwenye haraka hujaza sufuria kwa mazoea. Kikombe kimoja kilichotengwa kuwa kipimo cha nyumba huondoa tatizo hilo kwa siku moja. Kuna pia heshima ya mgeni, kwani nyumba nyingi hupika ziada kwa ajili ya mtu anayeweza kupita. Desturi hiyo ni njema na hakuna sababu ya kuiacha. Ziada hiyo tu ndiyo ipangiwe mahali pa kwenda kabla haijachacha.

Sababu nyingine ni ununuzi wa fungu. Fungu la nyanya sokoni lina bei nzuri, lakini nyanya nane kati ya kumi na mbili zikiiva siku moja, punguzo lote limekwenda. Afadhali kuchagua zilizoiva chache na mbichi kadhaa. Zilizoiva zote kwa pamoja zichemshwe na kuwa rojo, au zikatwe na kuanikwa. Mchicha ukifungwa kwa kitambaa chenye unyevu na kuwekwa kivulini hudumu mpaka jioni ya pili. Vitunguu na viazi visiwekwe pamoja, kwa kuwa huharakishana kuharibika.

Kuhusu viporo, ni lazima kusema wazi, maana hapa ubanaji matumizi unaweza kugeuka kuwa ugonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, kihifadhiwe chini ya nyuzi joto 5, na kinapopashwa kifikie angalau nyuzi joto 70 sehemu zote. Wali unahitaji uangalifu wa pekee. Mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus hustahimili mchemko, na wali ukiachwa usiku kucha juu ya meza ya jikoni bakteria hao huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha tena hakuiondoi. Wali wa nazi huharibika upesi zaidi. Nyumba isiyo na jokofu, kwa hiyo, haina budi kuchagua kipimo sahihi kuliko kutegemea kiporo cha asubuhi, hata kama kiporo na chai ya rangi ni kifungua kinywa kinachopendwa na wengi, mwandishi wa makala hii akiwamo.

Mpaka mwingine ni ukungu kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa, na mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa binadamu wala kwa mifugo, kwani ng'ombe akilishwa, sumu hupita kwenye maziwa. Karanga zilizosinyaa na kubadilika rangi zichambuliwe na kutupwa. Katika hili kutupa ni sahihi. Njia ya kupunguza hasara ni kukausha nafaka vizuri juu ya turubai badala ya ardhi tupu, na kuihifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa au vihenge vya chuma.

Plastiki na sheria

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilianza kutekeleza marufuku ya mifuko ya plastiki, kufuatia tangazo lililotolewa bungeni mwezi Aprili mwaka huo na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa. Kenya ilikuwa imepiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, na Rwanda tangu mwaka 2008. Chini ya kanuni zilizotungwa kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, mtu anayekutwa akimiliki au kutumia mfuko uliokatazwa anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Adhabu kwa wazalishaji, waingizaji na wauzaji ni kubwa zaidi.

Marufuku hiyo haikugusa vifungashio vya bidhaa za afya, viwanda, ujenzi, kilimo na usindikaji wa vyakula. Kutokana na nafasi hiyo kulizuka mazoea ya kutumia vifungashio vyepesi vya plastiki kama vibebeo sokoni, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) limekuwa likikumbusha kuwa matumizi hayo hayaruhusiwi. Mnunuzi anayefungiwa nyanya zake ndani ya nailoni nyembamba ana haki ya kukataa, na kukataa huko ni rahisi zaidi akiwa na kikapu mkononi.

Kikapu cha ukindu au cha ukili, ambacho bibi zetu hawakutoka nacho mikono mitupu kwenda sokoni, hudumu miaka. Mifuko mbadala ya kitambaa laini inayouzwa madukani nayo ni plastiki iliyofumwa kwa namna nyingine, na ina maana tu ikitumika mara nyingi. Nyumba yenye mifuko 40 ya namna hiyo iliyorundikwa nyuma ya mlango imebadilisha aina ya taka pasipo kuzipunguza. Afadhali mitatu inayokaa ndani ya mkoba wa kazini, kwenye gari au kwenye baiskeli, na ikichafuka ifuliwe.

Kwa nyama na samaki, beba bakuli lenye mfuniko. Muuzaji anaweza kushangaa mara ya kwanza, na mara ya pili atakusubiri nalo. Kwa maandazi na vitumbua, epuka kufungiwa kwenye magazeti na karatasi zilizoandikwa, kwani wino haukutengenezwa kugusana na chakula chenye mafuta. (Na majibu ya mtihani wa mtoto wa mtu yasisomwe na mtaa mzima kupitia maandazi.)

Chupa za maji ya kunywa zinachukua nafasi kubwa katika ndoo ya taka kavu ya kaya nyingi za mijini. Maji yaliyochemshwa na kuhifadhiwa katika chombo safi chenye mfuniko, pamoja na chupa moja ya kudumu kwa kila mtu, huzipunguza upesi. Kutumia tena chombo, hata hivyo, kuna mpaka wake. Makopo ya viuatilifu, rangi na vilainishi yasitumike kamwe kuwekea maji au mafuta ya kula, na mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Watoto hunywa kile wanachokiona kuwa soda.

Plastiki inayoachwa ovyo haikai ilipoachwa. Mvua huisukuma mtaroni, mtaro huziba, na maji huingia nyumbani mwa waliotupa na wasiotupa. Makopo, vifuu na matairi yenye maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu aina ya Aedes anayeeneza homa ya dengue, ugonjwa ulioikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Vifuu ni bora kuwashwa jikoni kama kuni, au kufunikwa visikinge maji.

Kuchoma taka uani

Katika mitaa mingi, jioni huwa ni saa ya moshi. Gari la taka halikupita, ndoo imejaa, kiberiti kipo. Moto hupunguza rundo mbele ya macho, lakini plastiki inayochomwa kwa moto mdogo hutoa dayoksini na masizi, na wanaovuta kwanza ni walio karibu zaidi: watoto, wajawazito, wenye pumu. Majivu yake hayafai kwa bustani. Kaya iliyotenganisha hukuta kwamba kilichobaki cha kuchoma ni kidogo sana, kwa kuwa maganda yako kwenye mboji na chupa zimekwenda kwa mkusanyaji. Kinachosalia, kama pakiti za sabuni na biskuti na vifungashio vilivyochafuka, kinaweza kusubiri gari kwa wiki moja bila kunuka.

Vitu visivyofaa katika ndoo yoyote

Betri za redio na tochi, simu zilizokufa, taa zenye zebaki, dawa zilizokwisha muda na sindano vinahitaji kushughulikiwa peke yake. Sindano zinazotumiwa nyumbani, kwa mfano na mgonjwa wa kisukari, ziwekwe ndani ya chupa ngumu yenye kifuniko na kurejeshwa kituo cha afya, kwani mzoa taka anayechomwa na sindano hana namna ya kujua ilimchoma nani kabla yake. Dawa zilizopitwa na wakati zisimwagwe chooni. Muulize mfamasia au mhudumu wa kituo cha afya utaratibu wa kuzirejesha. Betri za gari na za umeme wa jua zisifunguliwe nyumbani kamwe, kwa kuwa zina risasi na asidi. Mchukuzi wa vyuma chakavu azichukue zikiwa nzima.

Nepi za kutupa ni swali gumu. Ni nyingi, nzito, hazifai kwa mboji wala kwa mnunuzi. Nepi za kitambaa huondoa tatizo hilo pale penye maji ya kutosha na mtu wa kufua. Pasipo na maji, kumlaumu mama hakusaidii. Kaya nyingine hutumia za kitambaa mchana na za kutupa usiku, na hilo pekee hupunguza idadi yake kwa zaidi ya nusu.

Kama gari linachanganya tena

Hoja inayosikika mara nyingi ni hii: kuna faida gani kutenganisha ikiwa gari likija linamwaga vyote pamoja? Hoja hiyo ina ukweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, na katika maeneo mengi gari au mkokoteni ni mmoja kwa kila aina ya taka.

Hata hivyo faida ya ndoo mbili haitegemei gari. Maganda yaliyogeuka mboji hayakupanda gari. Chupa iliyouzwa haikupanda gari. Gari hubeba mabaki ya mwisho tu, na kaya iliyokuwa ikijaza viroba vitatu kwa wiki inaweza kubaki na kimoja. Pale ambapo ada ya uzoaji hutozwa kwa idadi ya viroba, tofauti huonekana mfukoni. Pale inapotozwa kwa kaya, jambo hilo linafaa kupelekwa kwenye mkutano wa mtaa.

Mkutano huo ni haki ya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na ndipo mahali pa kuuliza ratiba ya gari, stakabadhi za ada, mahali pa kukusanyia vitu vikavu, na uwezekano wa kikundi cha usafi kupewa siku moja ya kuzoa chupa na maboksi peke yake. Mitaa yenye soko dogo au shule inaweza kukubaliana kuwa na rundo moja la mboji kwa pamoja, chini ya usimamizi wa afisa afya wa kata. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo imetengwa kwa usafi wa mazingira nchini kote, ni siku nzuri ya kuanzisha rundo hilo, kwa kuwa siku hiyo majani makavu yaliyofagiwa yapo tayari. Kwa kawaida huishia kuchomwa.

Atakayeanza wiki hii asifanye yote kwa pamoja. Ndoo ya majimaji yenye mfuniko kwanza. Baada ya siku saba aangalie kilichomo katika ndoo kavu: kitakuwa hakina nzi, kitakuwa chepesi, na vingi vya vilivyomo vitakuwa ni vifungashio vya vitu vitatu au vinne vinavyonunuliwa kila siku. Hapo atajua kipi cha kuacha kununua, au cha kununua kwa kipimo kikubwa badala ya pakiti ndogo ndogo.